Uzi: Nyimbo mpya zinazochanganya klezma ya Wayahudi na Amerikana, na kwa nini mtu wa taarabu atazielewa haraka

#1 FidlaKavu

Wakuu habari za usiku. Jambo hili nimekaa nalo kifuani toka mwezi uliopita, nikaona leo nilishushe hapa wenye masikio tusaidiane. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu atarudi kesho.

Mimi napiga fidla. Nimekulia Unguja kwenye taarabu, sasa hivi nipo Dar, napiga maharusini na studio nikiitwa. Mwezi uliopita jamaa yangu wa akodiani akanitumia klipu saa tano usiku, hajaeleza kitu, kaandika tu "sikiliza mpaka katikati". Nikaweka hedfoni. Inaanza gitaa na mandolini na besi, mwendo wa mbio mbio, nikasema haya, hizi si ndo zile za wachunga ng'ombe wa Marekani ambazo marehemu babu alikuwa akizifuata kwenye redio. Nikataka kuzima. Halafu ikaingia klarineti, na ile klarineti ikapanda Hijazi, ile ngazi ya sauti ya taarabu yetu. Wakuu, niliinuka kitandani. Hijazi ile ile ninayoipiga mimi Ijumaa na Jumamosi watu wakitunza, ipo hapo kati ya gitaa la Kentucky na mandolini, na wala haionekani mgeni!

Ile bendi ni Margot Leverett and the Klezmer Mountain Boys. Huyu mama anapiga klarineti, alikuwa mmoja wa walioanzisha bendi nyingine kubwa ya New York inaitwa The Klezmatics, ya mwaka 1986. Akaja akaunda hii ya pili ambayo inachukua mahadhi ya klezma na mahadhi ya blugrasi, yaani muziki wa milimani wa Marekani, mmoja wa ule ukoo wa muziki wa jadi wa huko wanaouita Amerikana, inayaweka sahani moja. Toka usiku ule nimekula mabando sina idadi nikifuatilia bendi za namna hii, za zamani na za sasa, na nimefika mahali nina neno la kusema.

Neno lenyewe ni hili. Nyimbo hizi tuzipime kwa kipimo tulichozoea sisi watu wa taarabu. Kwetu mshairi anaandika shairi, anampelekea mtia mahadhi, na msikilizaji wa kweli anauliza, je mahadhi yamelivisha neno au yamelivua nguo? Basi. Nimesikiliza bendi hizi kwa swali hilo hilo na nimeona zipi zimefaulu na zipi zimepaka rangi tu juu juu.

Naendelea chini, naandika kwa simu mnivumilie.

#2 BandoLangu

Nipo siti ya mbele mkuu. Ila anzia mwanzo, klezma ndo nini? Usitupeleke puta.

#3 FidlaKavu

Sawa mkuu. Klezma ni muziki wa harusi wa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, wale waliokuwa wanaongea Kiyidishi, kuanzia Ukraine, Poland, Moldova, Romania huko. Neno lenyewe limetoka Kiebrania, klei zemer, yaani vyombo vya wimbo, na zamani hata halikuwa jina la muziki, lilikuwa jina la mpigaji. Ukisema "klezma amekuja" maana yake mpigaji kafika harusini.

Vyombo vya zamani ni fidla ndo kiongozi, na kitu kinaitwa tsimbali, ambayo nikiielezea kwa mtu wa Zanzibar naweza kusema ni kanuni inayopigwa kwa vijiti, maana ina nyuzi nyingi zimelazwa juu ya sanduku, tofauti ni kwamba ya kwetu inachunwa kwa vidole. Klarineti ilikuja baadaye ikamnyang'anya fidla kiti. Akodiani nayo ikaingia, na matarumbeta.

Halafu kwenye harusi yao kulikuwa na mtu anaitwa badkhen. Kazi yake, kabla bi harusi hajafunikwa shela, anakalishwa kitini, yule bwana anamghania mashairi ya papo kwa papo, anamkumbusha utoto wake, wazazi wake, waliokufa, mpaka bi harusi analia na ukumbi mzima unalia, fidla inalia nyuma yake. Baada ya hapo ndo ngoma inafumuka watu wanacheza. Niliposoma hivyo nikakumbuka nyumba ngapi nimepiga ambazo mama wa bi harusi analia kwanza ndo anaanza kutunza.

Na kulia kwenyewe kuna jina. Kuna pambo moja wanaita krehtsi, ni kama kikwikwi cha mtu aliyejizuia kulia, noti inakatika juu kidogo halafu inameza. Fidla wanafanya, klarineti wanafanya, muimbaji anafanya. Ukiondoa krehtsi, unabaki na noti sahihi na muziki hamna.

Ngoma zao zipo nyingi, bulgari, freilekhsi, hora ya pole pole ambayo inachechemea kwa tatu, na doina ambayo haina mapigo, mpigaji anajitembelea peke yake kama tunavyofanya taqsimu kabla ya wimbo.

#4 Kwaya_Alto

Mtumishi mimi naimba kwaya sijui Hijazi ni nini, nieleze kwa do re mi tafadhali.

#5 FidlaKavu

Dada rahisi sana. Imba do re mi fa kawaida. Sasa re ishushe nusu sauti, mi na fa ziache pale pale. Umeona hapo kati ya re iliyoshuka na mi pamefunguka pengo, sauti moja na nusu? Hilo pengo ndo utamu wote. Wao wanaita freigishi, au kwa jina la sinagogi Ahava Raba, sisi tunaita Hijazi. Muadhini unayemsikia alfajiri mara nyingi anapita humo humo.

#6 Binti Makunduchi

Mwanangu hapo kwenye Hijazi nakurekebisha kidogo, usinichukie. Hijazi ya udi na fidla ya kizamani si sawa na ya kinanda. Waarabu lile pengo wanalibana, ya chini wanainyanyua kidogo na ya juu wanaitelemsha kidogo, ndio ikawa tamu. Akodiani haiwezi hiyo, vitufe vyake vimeshakata shauri. Mimi marehemu mume wangu akipiga kanuni, alikuwa akikasirika akodiani ikiingia kabla ya wakati wake, anasema imenizimia taa. Sasa hao watu wako wanapiga ipi?

#7 FidlaKavu

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimekuelewa na ni kweli tupu, nashukuru umeliweka sawa.

Kwa ninavyosikia mimi wao wanakaa zaidi kwenye ile ya kinanda, pengo limeachwa wazi, lakini fidla na klarineti ndo zinatelezateleza pembeni ya noti kwa zile krehtsi, kwa hiyo utamu ambao Mwarabu anaupata kwa kubana pengo wao wanaupata kwa kuvunja sauti. Na hapa ndo pagumu kwenye mchanganyiko na Amerikana, maana mandolini na banjo zina vizuizi shingoni, hazitelezi kirahisi. Bendi ambayo mandolini inaachiwa ibebe Hijazi peke yake inasikika kavu. Bendi inayomwachia fidla au klarineti alie halafu mandolini imwekee zulia la kupitia, hapo unasikia kitu. Marehemu mzee alikuwa na haki ya kukasirika.

#8 FidlaKavu (inaendelea)

Haya, tuje kwa nini mambo haya mawili yakakutana, maana si kwamba mtu alikaa studio akasema ngoja nichanganye.

Kati ya 1881 na 1924 Wayahudi kama milioni mbili hivi walihama Ulaya ya Mashariki kwenda Marekani, wakikimbia umaskini na kuuliwa. Wapigaji nao walihama na vyombo vyao. Wawili wa klarineti ndo majina makubwa, Naftule Brandwein aliyefika 1908, na Dave Tarras aliyetokea Ukraine akafika 1921. Hao walirekodi santuri nyingi New York. 1924 sheria ya uhamiaji ikafunga mlango. Halafu Ulaya ikaja mauaji ya Hitler, Wayahudi milioni sita waliuawa, na vijiji vile vyenye harusi zile vikafutwa. Pale Kyiv kulikuwa na mtafiti mmoja Moisei Beregovski alikuwa amerekodi wapigaji hao kwenye mitungi ya nta, ndo vifaa vya zamani vya kuhifadhia sauti, 1950 Wasovieti wakamkamata wakampeleka kambini, akatoka 1955. Mitungi ikapona. Mimi nikifikiria hilo la mitungi ya nta kupona wakati watu waliopiga ndani yake hawakupona, najisikia vibaya sana, siwezi kuandika zaidi hapo.

Watoto waliozaliwa Marekani wakawa hawautaki muziki wa wazee. Wakasikiliza jazi, roki, na wengine kabisa wakaangukia muziki wa milimani, blugrasi ya Bill Monroe wa Kentucky. Mmoja wao ni Andy Statman, kazaliwa 1950, akawa hodari wa mandolini ya blugrasi. Siku moja akaamua kumtafuta Dave Tarras ambaye alikuwa mzee tayari, akakaa miguuni pake akajifunza klarineti. Mzee akampenda mpaka akamrithisha klarineti zake. Tarras amekufa 1989. 2012 Statman akapewa ile heshima kubwa ya taifa ya wasanii wa jadi kule Marekani. Kwa hiyo mtu mmoja, mkono huu Kentucky, mkono huu Ukraine. 1995 alitoa rekodi na David Grisman, mandolini mbili zinapiga nyimbo za Kiyahudi, itafute, ni ya kusikiliza usiku watu wamelala.

Hapo ndo nataka mwelewe, mchanganyiko huu umeanzia kwa mwanafunzi na mwalimu wake. Haukuanzia kwa prodyuza.

#9 mzee_wa_besi

Mkuu mimi napiga besi na swali langu la kiufundi. Blugrasi ina mapigo mawili mawili, pu-ka pu-ka. Ngoma za harusi za Ulaya Mashariki nazosikia zimekatwakatwa. Zinakaaje pamoja bila kugongana?

#10 FidlaKavu

Chief swali zuri kuliko yote, na mimi lilinisumbua wiki nzima.

Fanya hivi sasa hivi, usione haya hata kama upo kwenye daladala. Hesabu moja mpaka nane mfululizo bila kusimama, piga kofi kwenye 1, kwenye 4 na kwenye 7. Rudia. Tatu, tatu, mbili. Umesikia? Huo ndo mkazo wa bulgari, ngoma kubwa kuliko zote kwenye klezma ya Marekani.

Sasa chukua banjo. Earl Scruggs alipojiunga na Bill Monroe 1945 alikuja na mtindo wa vidole vitatu, na mzunguko mmoja maarufu wa mtindo huo unakwenda mbele, gumba, shahada, kati, gumba, shahada, kati, halafu unamalizia na mbili. Gumba linaangukia 1, 4 na 7. Tatu, tatu, mbili! Ni kitu kile kile. Hakuna aliyemfundisha mwenzake, lakini walipokutana banjo ilikuta nafasi yake imeshafagiliwa. Wewe mwenye besi unabaki na pu-ka pu-ka yako chini na wote wawili wanakushukuru.

Na banjo yenyewe tusisahau asili yake, ni mtoto wa Afrika Magharibi. Watumwa ndo waliokwenda nayo, vyombo vya kibuyu na ngozi kama akonting ya Wajola wa Senegambia. Kwa hiyo kwenye hii sahani kuna mkono wetu pia, hata kama ni wa upande wa pili wa bara.

#11 mzee_wa_besi

Nimepiga kofi mke wangu kaniuliza vipi. Ni kweli. Nimekaa.

#12 FidlaKavu (inaendelea, hapa ndo nilipotaka kufika)

Sasa zile nyimbo zenyewe. Kwangu kilele ni albamu ya The Klezmatics ya 2006 inaitwa Wonder Wheel. Najua mtasema 2006 si mpya. Subirini.

Woody Guthrie mnamjua, mzaliwa wa Oklahoma 1912, baba wa nyimbo za wanyonge wa Marekani, aliyeandika kwenye gitaa lake kwamba mashine hii inaua mafashisti. Huyu bwana miaka ya 40 alikuwa anakaa New York, Coney Island, mtaa wa Mermaid Avenue. Mke wake Marjorie alikuwa mcheza dansi, Myahudi. Na mama mkwe wake, Aliza Greenblatt, alikuwa mshairi wa Kiyidishi, mwenye jina lake kabisa. Yaani huyu mtu wa vumbi la Oklahoma anakaa jirani na mkwewe mshairi, wanaonyeshana walichoandika, wajukuu wanakimbia chini ya meza. Akaanza kuandika nyimbo za Hanuka, sikukuu ya Wayahudi, akaandika kuhusu mtaa, majirani, bahari. Hata aliyemrekodi sana, Moses Asch mwenye kampuni ya Folkways, alizaliwa Warsaw na baba yake ni Sholem Asch, mwandishi mkubwa wa riwaya za Kiyidishi. Mimi nilidhani Amerikana na Kiyidishi ni dunia mbili, kumbe walikuwa wanakula meza moja toka zamani.

Guthrie akaugua ugonjwa wa Huntington, akafa 1967. Aliacha maelfu ya mashairi ya nyimbo kwenye makaratasi. Na hapa wakuu ndo moyo wangu uliposhtuka: mahadhi hayapo. Hakuwa anaandika manota, mahadhi alikuwa nayo kichwani, akafa nayo. Yamebaki maneno matupu. Binti yake Nora ndo akafungua masanduku akaanza kuwapa wanamuziki watie mahadhi. The Klezmatics wakapewa yale ya Coney Island.

Mnaona sasa kwa nini nasema hii ni kazi ya taarabu? Shairi liko mezani, mshairi hayupo, mtia mahadhi anatakiwa alisome mpaka lenyewe limwambie linataka kuimbwaje. Na ndo maana nasema ni nyimbo mpya, maneno yalikuwa na miaka kama sitini wakati ule, wimbo ulizaliwa pale studio.

Wengi walitegemea watapaka klezma kila mahali. Hawakufanya hivyo. Kuna wimbo wa mtaa wenyewe, anaorodhesha vyakula na watu wa rangi zote wanaokutana barabarani, huo wameuachia upepo wa harusi. Kuna wa kumlaza mtoto, huo wameupunguza mpaka unasikia pumzi. Kuna mmoja wa mtu anayejiapiza kwamba atavuka dunia hii kadri awezavyo, mahadhi yametiwa na mpiga fidla wao Lisa Gutkin, na klezma humo ndani haionekani kwa macho, ipo tu kwenye namna sauti inavyokataa kupanda mahali unapodhani itapanda. Huo nimeusikiliza sina hesabu.

Na kuna ule wa Ardhi Takatifu. Guthrie amechukua maneno aliyoambiwa Nabii Musa penye kichaka kinachowaka, vua viatu vyako. Kila aliyesoma Kutoka sura ya tatu anayajua na kila aliyesoma Surat Taha anayajua. Sasa hebu mpe mtunzi mbaya maneno hayo, atakupigia tarumbeta za mbinguni. Hawa wameyatembeza taratibu, kama mtu ambaye kweli kavua viatu na anahofia kukanyaga. Hapo mahadhi yamelivisha neno.

Albamu ile ilipewa Grammy 2007. Sawa. Lakini mimi hata bila Grammy.

#13 BandoLangu

Mkuu umeandika hadi nimesahau ubwabwa jikoni. Lakini niseme la moyoni bila kukukwaza. Kwa hali ya Gaza mtu unaanzaje kusikiliza nyimbo za Wayahudi ukafurahi? Mimi nashindwa.

#14 FidlaKavu

Ndugu yangu sijakwazika, hata mimi nina ndugu hapa nyumbani wameniuliza. Nakujibu kwa ninavyoamini. Muziki huu ulizaliwa kwenye vijiji vya Ulaya kwa watu maskini karne nyingi kabla ya nchi ya Israeli kuwepo, na wanaoupiga leo hawana msimamo mmoja, wapo wanaoandamana dhidi ya vita hivyo na wapo wasiokubaliana nao. Anayelia Gaza nalia naye. Na yule mpiga fidla wa kijijini Ukraine aliyeuawa na kijiji chake chote, naye namlilia. Moyo wangu umeweza kubeba yote mawili, wako ukishindwa leo sikulaumu, uzi utakuwepo.

#15 BandoLangu

Nimekuelewa. Endelea mkuu.

#16 FidlaKavu (za karibuni)

Haya tuje hizi za karibuni. Kuna bendi ya New Jersey inaitwa Nefesh Mountain, mtu na mkewe, Eric Lindberg anapiga banjo na gitaa, Doni Zasloff anaimba. Kwanza jina. Nefesh ni Kiebrania, na ni ndugu wa Kiarabu nafs, ambayo sisi tumeichukua tukasema nafsi. Kwa hiyo wanaitwa Mlima wa Nafsi, huhitaji kamusi.

Hawa walienda Poland na Ukraine mwaka 2018 kutafuta vijiji vya mababu zao, wakakuta walichokikuta. Wakatoa albamu 2021 kuhusu shomoro, ndege mdogo asiyehesabiwa. Ndani yake wamealika wakali wa blugrasi wenyewe, Sam Bush, Jerry Douglas, pamoja na wapigaji wa Kiairishi. Na kuna wimbo waliuandika baada ya yale mauaji ya sinagogi la Tree of Life kule Pittsburgh, 27 Oktoba 2018, watu 11 waliuawa wakiwa ibadani. Wimbo umepewa jina la hilo sinagogi, mti wa uzima. Wangeweza kupiga kelele, wameimba chini chini. Mahadhi hapo yamelishika neno mkono.

2024 wakatoa albamu mbili kwa pamoja inaitwa Beacons, upande mmoja Amerikana, upande mwingine blugrasi. Hapa nasema ukweli wangu, upande wa kwanza kwa masikio yangu umepigwa pasi sana. Sauti safi, kila kitu mahali pake, lakini kile kikwikwi nakitafuta sikioni. Ni nyimbo nzuri za redio na nazisikiliza nikiosha vyombo, ila ile ya shomoro naikalia kitako. Upande wa blugrasi una damu zaidi, banjo inakimbia na mtu unapata hamu ya kushika chombo.

Halafu yupo Daniel Kahn, mtoto wa Detroit aliyehamia Ujerumani, huyo ni mkali mkali, anachanganya Kiyidishi, Kiingereza na Kijerumani ndani ya ubeti mmoja, ngumi mezani. Anayependa maneno yenye meno aanzie hapo.

Zipo na bendi chipukizi nyingi za mtandaoni, sitazitaja, ambazo mtu kachukua gitaa la kantri, katikati anachomeka mistari miwili ya Hijazi kama limau kwenye chai, halafu anarudi kantri. Hiyo ndo naita kupaka rangi. Ukiutoa ule mstari wimbo haudhuriki, sasa uliingia kufanya nini?

#17 Mkongo wa Kentucky

Bandugu jambo. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko hapa Louisville, Kentucky, mwaka wa saba. Nimesoma hii uzi yote kwa poze ya kazi. Hiyo muziki ya banjo tunaisikia kila siku, kanisa yetu inapanga chumba kwa kanisa ya wazungu, na kuko mzee mumoja kule anapiga banjo sana. Mwanzo nilikuwa naona ni muziki ya watu wenye hawana shida. Kumbe wazee babo banaimba mambo ya mgodi wa makaa, watoto kufa, kuacha nyumba. Mama yangu alisikia fidla yabo siku moja akasema huyu mutu amefiwa. Hakujua hata neno moja ya Kiingereza.

#18 Binti Makunduchi

Mwanangu wa Kongo, mwambie mama namsalimu. Kajua yule.

#19 Kwaya_Alto

Nimesikiliza ule wa Ardhi Takatifu mara tatu toka jana. Kaka FidlaKavu, kwaya yetu ina mwalimu anatafuta wimbo wa kuingilia. Unaweza kututilia mahadhi ya namna hiyo kwa maneno ya Kiswahili? Maneno tunayo, ameandika mama mmoja wa jumuiya, ni marehemu sasa, daftari lake limebaki kwa binti yake. Hakuna anayejua alikuwa anayaimbaje.

#20 FidlaKavu

Dada nimesoma ujumbe wako nikaweka simu chini kwanza. Nitumie picha za kurasa inbox, ukurasa mmoja mmoja, usiandike upya, nataka nione mwandiko wake na mahali alipokata maneno. Wala usinipe haraka. Wiki ya kwanza nitayasoma tu kwa sauti, sitagusa fidla.

#21 mzee_wa_besi

Ukihitaji besi nipo, bure.

#22 Mkongo wa Kentucky

Bandugu narudi na habari. Jumapili baada ya ibada nilimuendea yule mzee wa banjo, nikamuomba apige ile mzunguko wa vidole vitatu pole pole. Akapiga. Mimi nikapiga kofi kwa moja, kwa ine, kwa saba, vile ulifundisha, halafu nikaimba juu yake ile do re mi yenye re imeshushwa. Kizungu yangu ni ya kuchechemea, nikamwambia tu, wedding, Ukraine. Aliacha kupiga akaniangalia sana. Akasema bibi yake upande wa mama alitoka kule, hakuongeaka mambo ya kule hata siku moja. Akaniambia imba tena. Tulikaa pale mpaka mufungaji wa kanisa akatutoa.

#23 FidlaKavu

Ndugu yangu, Jumapili ijayo beba simu, rekodi, tuma hapa.